Paskazia na Dubwi la Usagara

Paskazia Mihayo alikuwa fundi cherehani wa Mkolani, mjane mwenye mkono mwepesi, na sare za watoto wengi wa mtaa ule zilitoka kwake. Hakunywa pombe. Jumapili alisimama safu ya mbele ya kwaya. Ndiyo maana hakuna aliyemfikiria vibaya alipoanza kuchelewa kurudi kila alipokwenda Usagara kumwona mama yake.

Mama huyo, Rebeka, aliugua kisukari. Yakobo, kaka yake Paskazia, mvuvi wa Ukerewe, alituma hela ya dawa kwa simu, na Paskazia akanunua na kuzipeleka. Karibu na njia panda palikuwa na kibanda chenye mashine za kamari, zile watu wanazoziita dubwi. Mara ya kwanza aliingia kujikinga na mvua. Akatumbukiza sarafu moja, taa zikawaka, sarafu zikamwagika hadi akazikinga kwa khanga. Siku hiyo mama alikula sato mzima.

Baada ya hapo dubwi lilimpa kidogo na kumla sana. Lakini akiwa mbele yake hakusikia njaa, hakumkumbuka marehemu mumewe, hakujua jua limefika wapi. Hela ya nyuzi ilikwenda, ya kodi ikafuata, kisha akauza cherehani ya pili. Mwisho ikaliwa ya dawa. Siku hiyo alifika mlangoni kwa mama mikono mitupu, akashindwa kuingia. Akarudi dukani, akanunua vidonge vya maumivu vya bei ndogo, akavitia kwenye kichupa cha zamani cha dawa za mama alichokuwa nacho.

"Shikamoo mama. Dawa zako hizi."

"Marahaba mwanangu. Mungu akuzidishie."

Alifanya hivyo tena, na tena. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa mama kikawa cheusi, weusi ukapanda. Hospitalini daktari alimuuliza Rebeka kama alikuwa akinywa dawa zake. Akajibu kwamba anazinywa kila siku. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Alasiri ya siku ileile, mama akiwa bado hajazinduka vizuri, Paskazia alikuwa kibandani akitumbukiza sarafu. Alipotoka nje alijiogopa. Kesho yake, badala ya kwenda wodini, alipinda kushoto hadi kliniki ya afya ya akili, akamkuta muuguzi aitwaye Nathaniel.

"Nipe dawa ya kunitoa kwenye mashine," alimwambia.

"Sindano ya dubwi hatuna, dada yangu. Lakini huu ni ugonjwa, na unatibika. Utakuja kila Alhamisi, uzungumze na mimi na wenzako. Hela usishike. Hamu ikija usibishane nayo. Tafuta mtu ukae naye mpaka ichoke."

Wenzake walikuwa wanaume watupu, wengi madereva wa bodaboda waliomalizwa na kubeti mpira. Siku ya kwanza wawili walicheka kumwona mama mtu mzima. Alipoeleza habari ya vidonge, hakuna aliyecheka tena.

Rebeka alihamia Mkolani. Wateja wakawa wanamlipa yeye, akiketi kwenye mkeka na mkongojo pembeni. Siku moja, kwa ushauri wa Nathaniel, Paskazia alimpeleka kliniki ili amwambie kila kitu.

"Mama, zile dawa..."

"Nilijua."

Paskazia akamgeukia. Rebeka akaendelea:

"Dawa yangu nyeupe. Wewe uliniletea ya njano. Nimekunywa miaka yote hiyo, nisiijue?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungeona aibu, usingekuja tena. Nikaona afadhali mtoto kuliko mguu." Rebeka akatazama sakafu. "Siku hizi sijui kama nilipima vizuri."



Paskazia alikaa muda mrefu bila kucheza, hata akanenepa kidogo. Kisha mteja mmoja akakutana naye barabarani na kumlipa mkononi hela ya gauni la harusi. Alirudi nyumbani jioni bila hata shilingi, akakiri kabla hajaulizwa kuwa dubwi limeila.

Mama yake hakumgombeza. Alimpigia Yakobo aje amchukue yeye, akaishi Ukerewe.

"Sijakuchukia," alimwambia mwanawe siku ya kuondoka. "Ila mguu nimebakiwa na mmoja."

Yakobo alimbeba mama mgongoni hadi kwenye kivuko. Aliondoka bila kumuaga dada yake.

Alhamisi iliyofuata Paskazia alikwenda kliniki, akaeleza alivyoanguka, akalia, akarudi kushona. Hela za wateja sasa anazipokea mke wa mchungaji. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia mama yake.

"Alhamisi ulienda?" Rebeka huuliza.

"Nilienda, mama."

"Na wiki ijayo?"

"Nitaenda."

"Haya," husema mama, kisha hukata simu.