Kigingi Mbele, Kigingi Nyuma

Nilisikia chuma kikigonga chuma kabla sijafungua macho. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu tena, karibu nami mno, hata nikahisi kila pigo likipanda kwenye miguu ya kitanda. Adhana ya alfajiri ilikuwa imepita zamani na dirishani kulikuwa na weupe wa asubuhi changa. Nilijiambia ni fundi wa jirani. Lakini mafundi wa mtaa wetu wa Ukunda hawashiki nyundo kabla ya chai, na sauti ile ilianza mbele ya nyumba, kisha ikahamia nyuma.

Nilipotoka nilimkuta mama amesimama barazani, leso mabegani, mkono mmoja umeshika nguzo. Wanaume wawili nisiowajua walikuwa wakikunja kamba ya manjano na utepe wa kupimia. Niliwasalimu, wakaitikia kwa adabu. Nilipouliza wanapima nini, mmoja alisema wametumwa na wenye ardhi, niwaulize wenyewe. Wakaenda zao. Kando ya ngazi yetu kulikuwa na kigingi cha chuma kimechomoza urefu wa kidole, kimepakwa rangi nyekundu. Nyuma, karibu na jiko, kulikuwa na kingine. Mama alikitazama cha kwanza, akazunguka kwenda kukitazama cha pili, akarudi akasimama katikati ya ukumbi, pale mstari unapopita ukiuchora kwa macho.

"Wenye ardhi ni kina nani?" aliniuliza. "Si ardhi ni yako?"

Hata mimi nilidhani hivyo.

Nyumba ile niliinunua kwa sababu ya hofu ya mama, ingawa sikuwahi kumwambia. Wazazi wangu walitoka bara, wakapewa shamba la makazi karibu na Kikoneni, wakafyeka msitu, wakapanda mahindi na mikorosho. Nilikuwa bado nabebwa mgongoni siku watu wa bara walipoambiwa waondoke. Tulilala kanisani pamoja na familia nyingine, na tuliporudi nyumbani ghala lilikuwa majivu. Baba alijenga upya, akaishi humo mpaka kufa kwake kama mtu aliyesahau. Mama hakusahau. Kila uchaguzi ulipokaribia alifungasha nguo zetu mbili mbili na kuziweka chini ya kitanda, na mzigo ule haukufunguliwa mpaka washindi walipoapishwa. Nilipokua, nikachapisha kitabu changu cha kwanza na kupata kazi ya kufundisha, nilitaka kitu kimoja tu: mama azeekee mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia aondoke.

Niliuchagua mtaa ule kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni wake peke yake. Mkono wetu wa kulia alikaa mama mmoja kutoka Vanga, muuza mahamri na mbaazi, ambaye mumewe aliendesha boti ya kupeleka wageni kisiwani Chale. Kushoto alikaa mchonga vinyago Mkamba. Ng'ambo ya njia alikuwapo mpishi wa hoteli kutoka Kisumu, na kwenye kona Mjerumani mzee aliyeongea Kiswahili safi kuliko vijana wa stendi na Sheng yao. Ijumaa njia ilijaa kanzu, Jumapili ilijaa sauti za kwaya tatu zinazogombana. Mama alipofika mara ya kwanza alisikiliza hayo yote, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa mtu anaweza kujificha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kipwani: ukumbi katikati, vyumba viwili kila upande, kuta za boriti na udongo zilizopigwa lipu, paa la mabati. Upande wa kushoto nilimpa mama kwa sababu ulipata upepo. Upande wa kulia niliweka vitabu na kitanda changu.

Bibi aliyeniuzia alikuwa anahamia kwa bintiye Mombasa. Siku tuliyomaliza kuandikiana aliniambia, akivaa viatu vyake, kwamba kesho anipeleke Mwabungo nikamsalimie mzee. Nilidhani ni uungwana tu wa watu wa pwani, ambako huwezi kununua hata kitunguu bila kuulizana hali za nyumbani. Nilikuwa na darasa kesho yake. Nilimwambia siku nyingine, inshallah. Alinitazama kidogo, akasema haya. Siku nyingine haikuja. Yeye alihama, na mzee yule ambaye sikumuuliza ni mzee wa nini akafariki baada ya miezi michache. Niliusikia msiba ukitangazwa msikitini, nikaendelea kusahihisha insha.

Asubuhi ile ya vigingi nilikwenda kwa jirani wa Vanga na bakuli la mbaazi mkononi, ili nisionekane nimekwenda kuuliza. Nilimweleza. Aliacha kuchota.

"Na mwenye ardhi ulimpelekea sukari?"

"Mwenye ardhi gani, mama?"

"Ya Rabi. Mwanangu, miezi minane wakaa juu ya ardhi ya watu na hata salamu hukutoa?"

Nilimwambia ninayo karatasi ya wakili. Alicheka, akafuta mikono kwa leso. "Nyinyi wa bara mwaipenda karatasi kuliko mtu. Haya, kailete tumwone huyo mtu wako."

Niliileta. Nilimsomea kwa sauti. Kuta zilikuwamo. Paa lilikuwamo, na milango, na madirisha, na mnazi mmoja wa uani. Udongo haukuwamo popote. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara tatu kabla ya kutia sahihi, na sikuona kilichokosekana.

Ndipo akanifundisha jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua, na kwa hiyo hakuna anayelisema. Huku nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Unaweza kurithi kuta kwa mama yako wakati udongo chini yake ni wa ukoo mwingine. Unaponunua nyumba, aliyekuuzia hukushika mkono mpaka kwa mwenye ardhi. Unakwenda na sukari na majani ya chai, unakaa, anakutazama, anakukubali. Tangu hapo wewe ni mtu wake. Unaishi kwa amani, mradi hujengi kwa mawe bila kumwambia, maana nyumba ya udongo ni ya kukaa na nyumba ya mawe ni ya kudai. Kikoneni sisi tulikuwa na shamba na hati yake, na nyumba ilisimama juu ya shamba kama kofia juu ya kichwa. Haikunijia akilini kwamba vitu hivyo viwili huweza kuwa na wenyewe tofauti.

"Na yale mawe yako ya uani?" jirani aliuliza.

Mwezi uliopita nilikuwa nimenunua lori zima la mawe ya matumbawe. Nilitaka kumjengea mama bafu la ndani, asitoke na miguu yake iliyovimba kwenda choo cha uani. Mawe yalikuwa yamepangwa nyuma ya jiko, meupe, yakionekana kutoka barabarani.

Siku ya pili tulipanda tuktuk, jirani na mimi, kilo mbili za sukari na doti ya kanga mapajani mwangu. Alinifunga mtandio kichwani kama anayemfunga mtoto. Njia nzima nilikuwa nikitunga sentensi na kuzifuta. Yule mzee wa Mwabungo, aliyekuwa mwenye ardhi, alikuwa ameacha watoto wawili, mwana aliyekaa Mombasa na binti mkubwa aliyebaki Mwabungo. Binti ndiye aliyetupokea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, akipeta mchele uani. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba, akatukaribisha mkekani, akaendelea kupeta. Jirani yangu aliuliza hali za nyumba, hali za watoto, akatoa pole ya msiba upya kabisa. Mimi nilitazama ungo ukipanda na kushuka. Sijawahi kuogopa ungo maishani mwangu kama siku ile.

Nilipopewa nafasi nilisahau sentensi zangu zote. Nilisema tu kwamba nilipaswa kuja mapema, kwamba sikujua, kwamba naomba radhi. Aliweka ungo chini.

"Hukujua," alisema. "Na mawe?"

Nilimweleza bafu. Nilimweleza miguu ya mama.

Alisema, bila ukali, akinitazama kwa mara ya kwanza: "Tulipoyaona yale mawe, tuliogopa. Mtu wa bara hajaja kutusalimia, baba amekufa, na mawe yanapangwa. Tumeyaona hayo kwingine. Leo ni mawe, kesho ni hati, keshokutwa sisi ndio wapangaji. Ndugu yangu akasema tugawane upesi, kila mmoja aweke kigingi chake."

Nilitaka kucheka na kulia. Usiku ule wote sisi tulipokuwa tukiwaogopa, wao walikuwa wameketi Mwabungo wakiniogopa mimi, mwalimu mwembamba mwenye lori la mawe.

Alipokea sukari. Alipokea kanga, akaikunjua, akasoma maandishi yake, akaikunja. Jirani yangu alinigusa goti, na nikajua hiyo ilikuwa dalili njema. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kwenda mbali. Mstari ulipita ukumbini kwetu. Upande wa kulia umemwangukia yeye. Upande wa kushoto ni wa ndugu yake, naye alikuwa na mnunuzi.

"Wa kwangu kaa, maadamu hujengi," alisema. "Wa ndugu yangu siwezi kukuahidi. Yeye hasikii. Na akiuza, huyo mnunuzi ataukata ukuta pale mstari unapopita."

Niliporudi mama alikuwa amekaa kitandani kwake, upande wa kushoto. Nilimweleza yote taratibu, nikianza na habari njema. Nilimwambia tutahamishia kitanda chake kwangu, tutabanana, vitabu nitavigawa. Nilimwambia mawe nitayauza. Niliongea sana, kama ninavyoongea nikiogopa, na nilipoinama kuchukua kopo la maji niliuona mzigo wa nguo chini ya kitanda. Uchaguzi ulikuwa mbali.

Tulikaa hivyo siku nane. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimsimamisha mama. Alilala amevaa nguo za kutokea. Jirani alimletea mahamri na utani, akamwambia hapa si kule, watu wa mtaa hawawezi kukubali. Mchonga vinyago alikuja akakaa naye barazani mchana kutwa akimtania mpishi wa hoteli kwa Kikamba, naye mpishi hajui hata neno moja. Mama aliwashukuru wote. Alikula kidogo.

Siku ya tisa ujumbe ulikuja kutoka Mwabungo: ndugu angefika Jumamosi pamoja na mnunuzi, waone vyumba. Nilimwambia mama hatutakuwa peke yetu, nimewaomba majirani, na binti mkubwa mwenyewe atakuwapo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ngoja," alisema. "Una haki ya kungoja, umeomba radhi na umekubaliwa. Mimi nilishangoja mara moja mpaka nikaambiwa. Mara ya pili sitaki kuambiwa. Shamba la baba yako lina hati."

Nilimkumbusha kwamba hospitali ya miguu yake iko hapa, si Kikoneni. Nilimkumbusha kwamba kule yuko peke yake, kwamba ghala lile lilichomwa kulekule. Alisema anajua. Alisema moto wa kule ameshaiona sura yake, huu wa hapa hajui utatokea wapi.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini na njia imejaa, tuktuk ya kumpeleka mama stendi ilisimama kwenye ngazi. Nilibeba mzigo mpaka barazani, akanizuia nisiende zaidi. Alinishika shavu kwa kiganja chake kikavu, akaniambia nile. Kisha akanirudisha ndani kwa kunisukuma kidogo begani, akabaki barazani, akauvuta mlango kwa mikono yote miwili mpaka ukafunga.