Sauti ya Haboba na Kifundo cha Nyuma

Kwaya yetu ya Hai Jalaba ina mama mmoja mzee anayeimba ubeti wa kwanza. Hapa Juba bibi tunamwita haboba, na huyu ni haboba wetu sote. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mwalimu wa kwaya alitaka kumwondoa kwenye maiki. Mwalimu ni Mkenya, anafanya kazi hotelini, mtaa wa Thongpiny. Si mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alisema tu alichosikia, na sote tulikisikia: haboba akiimba juu, spika zinakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

"Ndugu, sauti imezeeka," aliniambia. "Nitafanyaje, bana?"

Shule niliiacha kambini Uganda, na vyombo vya sauti vya kanisa nilipewa kuvisimamia kwa sababu nafunga sola, basi. Lakini jambo moja lilinisumbua. Akiimba bila maiki, mazoezini, hakwaruzi hivyo.

Nikaanza kuiangalia amplifaya, ule mtambo wa kukuza sauti. Ya zamani ilikuwa nzito na ya moto, na vifundo vyake vya geini, vile vya kuzungusha vilivyo nyuma, tulivifungua mpaka mwisho siku zote, maana jenereta inanguruma nje na watu wa nyuma hulalamika. Ilipokuja hii mpya ya dijitali, nyepesi, tukafanya vilevile. Hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Jumamosi nikaja na mita yangu ya sola, ile ya kupima volti. Mwalimu alikuwepo, nikamwomba abonyeze noti moja ya kinanda asiiachie. Spika nzuri tulizichomoa, tukaweka moja kuukuu ambayo hata ikiungua hatutalia. Mita nikaiweka kwenye nyaya zinazotoka amplifaya kwenda spika, nikaanza kuzungusha kifundo polepole.

Volti zikapanda. Kifundo mbele kidogo, volti juu kidogo. Kisha, kifundo kikiwa hata hakijafika kati, zikaanza kusitasita, na noti ya kinanda ikageuka. Ikakwaruza.

"Hebu rudia," mwalimu akasema. Nikarudia. Mahali palepale.

"Kwa hivyo huku kote mbele hakuna nguvu zaidi?"

"Naona hivyo. Sijui vizuri, mwalimu."

"Kwani mita yako inajua?"

Tulicheka, lakini alikuwa ameuliza vizuri. Ninavyoelewa mimi, na huenda nakosea, geini ni kuzidisha tu: kinachoingia kidogo kinatoka mara nyingi zaidi. Kikomo cha volti zinazotoka kimewekwa na mtambo wenyewe, si na kifundo. Ni kama bomba na jerikeni. Ukifungua bomba sana, jerikeni inajaa upesi, lakini haigeuki kuwa pipa. Sauti ikifika kwenye kikomo, kilele chake kinakatwa, na pale palipokatwa ndipo panapokwaruza. Haboba akipanda juu, anafika kwenye kikomo kabla ya wengine, kwa sababu yeye anaimba kwa nguvu.

Mwalimu ndiye aliyegundua sehemu ya pili, si mimi. Nilishusha geini nikapandisha miksa, meza ya kuchanganyia sauti, kufidia, na mkwaruzo ukarudi. "Sasa umehamisha tatizo," akasema, akanionyesha taa nyekundu ya miksa, inayoonya kwamba sauti imezidi. Tukashusha vyote viwili mpaka taa ikazimika.

Jumapili haboba akaimba. Sauti ilitoka safi, na mara moja watu wakageuka kuniangalia. Mmoja akapaza sauti: "Ya zol, bwana wewe, ongeza! Leo spika imelala!" Tulizoea mkwaruzo, tukadhani ndio ukubwa wa sauti. Hata haboba akaondoa mdomo kwenye maiki: "Mimi iko nasikika?"

Mwalimu alikuwa karibu na amplifaya kuliko mimi. Niliona mkono wake ukienda nyuma, kwenye kifundo. Pengine watu walikuwa na haki, pengine nilipima vibaya. Mkono ukasimama. Kisha akatembea hadi kwenye mlango wa upande wa jenereta, akaufunga, na madirisha mawili ya upande huo pia. Mngurumo ukafifia, joto likatushukia. Watu wakaanza kujipepea kwa chochote, na haboba akaanza ubeti upya.

Kwa haki niandike hili pia: sauti yake ina ukavu kidogo juu kabisa. Si spika, ni umri. Mwalimu hakuwa amekosea kote. Lakini ukavu huo haukumuumiza mtu sikio, na kanisa zima lilimfuata kwenye kiitikio, tukiloa jasho.

Baada ya ibada mwalimu alimwendea, akainama kumpa mkono.

"Haboba, ubeti wa Pasaka ni wako."

Yule mama akamtazama, kitambaa cha jasho shingoni.

"Kwani ulikuwa wa nani?"