Gauni la Wifi na Fundi wa Makochi

Mume wangu ni fundi wa makochi. Mletee kochi ambalo paka wameligeuza uwanja wa vita: atalivua, atalitia sponji mpya, atalivisha, na wewe mwenyewe utalipita mlangoni ukitafuta lako. Anafanya kazi akiwa na misumari midogo mdomoni, ndiyo maana ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Mtaani wanamwita Sponji. Nguo ya binadamu hakuwahi kushona hata moja. Suruali yake ikikatika kifungo, nakishona mimi.

Lakini kulikuwa na dada yake, yaani wifi yangu. Uti wa mgongo ulimpinda tangu utotoni. Bega la kulia limepanda, na mgongo umetoka nje upande huohuo. Mafundi cherehani wote aliowapitia walifanya jambo moja: walipima kifua na kiuno, wakakunja kitambaa, wakakata pande zote mbili kwa pamoja. Nusu ya gauni ilimfaa, nusu ikagombana naye. Mwisho akaacha kuwasumbua. Alivaa magauni mapana kama mapazia na juu akatupia mtandio, hata kwenye jua kali.

Harusi ya mwanawe ilipokaribia, kijana alikuja kwetu na mama yake, akasema wataingia ukumbini wameshikana mikono. Wifi akakataa palepale.

"Mimi nitatangulia kukaa kabla watu hawajafika. Wewe ingia na mjomba wako."

"Mama, mjomba hakunizaa."

"Ukinipitisha katikati ya viti, ukumbi mzima utanitazama mgongo. Sitaki, mwanangu."

Kijana akainamisha kichwa. Mume wangu, ambaye huwa hana maneno, ndipo alipofungua kinywa.

"Dada, gauni nitakushonea mimi."

Wifi alicheka. "Wewe? Utanipigilia misumari?"

"Mama alipokufa, mgongo huo ndio ulionibeba. Nimechoka kuuona umefichwa."

Kicheko kikakatika. Wifi akakubali kupimwa.

Sasa, kochi halipimwi kwa futi peke yake. Unalitupia kitambaa cha bei rahisi, unabana pini, unachora chaki kila upande kivyake, maana hakuna mkono wa kochi uliofanana na mwenzake. Ndivyo alivyotaka kumfanyia dada yake. Lakini si adabu kaka kumpapasa dada, hivyo pini nilipewa mimi, naye akasimama kando akiamrisha. Tulitumia shuka kuukuu.

"Wifi, ukinichoma nitajua umelipiza kisasi," akaniambia.

"Kisasi cha nini?"

"Cha siku ile niliyosema chai yako ni maji ya kuoshea vikombe."

"Kumbe unakumbuka! Basi simama vizuri, hii inaingia."

Gauni la shuka lilipokamilika, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Wifi alijigeuza mbele ya kioo, akatazama mgongo wake, akatazama tena. Nilikuwa sijapata kumwona akifanya hivyo. Kisha mume wangu, kichwa kimemvimba, akamwambia akae. Hakuweza. Aliponyanyua mkono ashike kiti, shuka likaachia kwapani, paaa!

"Sponji wangu," nikamwambia, "kochi halipumui. Dada yako anapumua."

Wifi alikwisha kuuchukua mtandio wake. "Basi, mdogo wangu. Umejaribu, Mungu akubariki. Nitatangulia kukaa."

Niliumia. Mtu akionjeshwa kitu kisha akanyang'anywa, ni afadhali asingeonjeshwa. Nilikuwa tayari kumgombeza mume wangu mpaka majirani wasikie, lakini alikuwa keshachukua chaki.

"Dada, rudi. Kaa. Inama kama unaokota kijiko. Nyoosha mkono kama unaanika nguo."

Kila shuka lilipombana, nililegeza pini, na mume wangu akachora. Baadaye akakuna kidevu.

"Sasa cheka."

"Nicheke nini?"

"Mke wangu, mchekeshe."

Nikamsimulia siku ndugu yake alipokuja kwetu kuniposa. Kabla hajamwamkia baba, aligeuza mto wa kochi letu akakagua mshono. Baba akadhani anatafuta hela zilizodondoka. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, na pini zikaruka mahali ambapo hakuna aliyepatilia shaka, chini kidogo ya lile bega lililopanda.

"Hapo!" mume wangu akapiga kelele. "Hapo ndipo panapombana!"

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha zambarau, kizito, chenye mng'ao. Cherehani ya karakana, iliyozoea ngozi na turubai, ilitafuna vipande vya majaribio kama mbuzi, hadi mume wangu akabadilisha sindano na kulegeza uzi. Upande wa kushoto wa mgongo ulikuwa kipande kimoja tu. Upande wa kulia aliuunga kwa vipande vyembamba vingi, kila kimoja na pindo lake, vikifuata mwili unapokwenda. Nilipitisha kidole nisihisi pameungwa wapi. Miaka yote namtania huyu mwanamume, siku hiyo nilikosa la kumtania.

Siku ya harusi wifi alishuka kwenye gari bila mtandio. Gauni lilishika kiuno, likapanda na bega, likateremka na bega. Mgongo haukunyooka, ulikuwa uleule, umevaa vizuri. Mwenye macho haambiwi tazama: vichwa viligeuka kuanzia mlangoni, na mwanamke mmoja akamvuta mwenzake kumuuliza fundi ni nani. Mume wangu alikuwa amejibanza ukutani, analia waziwazi, wala hajipangusi.

Mimi nilifuata nyuma ya mama na mwana. Kijana, kwa furaha, alianza kukaza mwendo kuelekea mbele. Wifi akamvuta mkono.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Wa viti vya nyuma hawajaona vizuri."