Bomba Juu ya Ua wa Mwanamkisi

Bi Mwanamkisi wa Langoni hushona kofia, na chuki yake ina jina: Bwana Dawud, jirani mwenye majumba. Alipojenga ghorofa, ukuta wake uliziba dirisha pekee la chumba cha mamake Mwanamkisi, mgonjwa wa pumu.

"Tuwatie, tubakishie japo tundu la upepo, Bwana Dawud," alimsihi. "Mama hapumui."

"Kiwanda ni changu, Bi. Ni ardhi yangu."

Mama alikufa joto la kaskazi lilipopamba moto.

Miaka ikapita. Dawud akafungua kliniki kwenye ghorofa ile, akaleta mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Hesbon, fundi kutoka Nakuru, alimweleza Mwanamkisi sababu ya kuja kumbishia hodi.

"Sumaku hiyo inaogelea ndani ya heliamu, maji ya baridi kupita barafu. Baridi ikipotea ghafla, maji yanageuka gesi na kujaa chumba. Mgonjwa atakosa hewa. Lazima bomba liitoe nje, pasipo na watu. Mbele kuna njia, nyuma msikiti. Imebaki juu ya ua wako."

Mwanamkisi alicheka. "Aje mwenyewe."

Dawud akaja, kofia mkononi. "Nitauvunda ukuta ule wa dirishani, Bi. Leo hii."

"Uvunde kwanda."

Akauvunja. Upepo ukaingia chumba cha marehemu. Mwanamkisi akaketi humo, akaufurahia, kisha akamwita Dawud.

"Hapana ndia ya bomba hapa," alisema.

"Bi! Si tulikubaliana?"

"Nilisema uvunde. Sikusema nitakubali."

Hesbon hakuthubutu kuiwasha sumaku bila bomba. Umeme ukawa unakatika, kipozeo kikizimika, heliamu ikigeuka gesi na kutoroka kidogo kidogo kupitia vali hadi sumaku ikapata joto. Gharama ya kuijaza upya ilimshinda Dawud.

Ummu, mkewe, alikuja akilia. "Wagonjwa wetu watakwenda Mombasa kwa sababu yako!"

"Nenda kawaambie ni nani aliyeanza."

Ummu hamwamkii tena. Majirani wengine nao wamemwepuka, na Mwanamkisi hajali.

Siku mashine ilipopakiwa kwenye tishari kurudishwa bara, alikwenda gatini kutazama. Dawud alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, amejiinamia. Husni, binamu yake Mwanamkisi, akamnong'oneza, "Sasa moyo umetulia?"

Mwanamkisi alimtazama Dawud mpaka yule mzee akainua uso wake na kumwona.

"Bado," alijibu.