Nilimshusha Mwanasha Akiwa na Mafua

Kosa ni langu, na waliosikia vingine nimewadanganya mimi.

Mimi ni rubani wa ndege ndogo zinazoleta watalii Ukunda kutoka mbugani. Msaidizi wangu alikuwa binti wa Msambweni, nimwite Mwanasha. Asubuhi ile alinijia pua imeziba, macho mekundu.

"Shikamoo, kapteni. Nina mafua, masikio hayazibuki. Naomba nisiruke leo."

"Marahaba. Mafua nayo ni ugonjwa? Ukikosa wewe safari inavunjika. Utameza mate, yatazibuka."

Nilijua si kweli. Katika ndege zetu msukumo wa hewa hubadilika kila tunapopanda na kushuka, na sikio lililoziba huelemewa.

Wakati wa kurudi, tulipoanza kushuka, alibana pua akapuliza. Akapuliza tena.

"Kapteni, sikio la kushoto linaniuma sana. Tupande kidogo, kisha tushuke polepole."

Mafuta yalikuwepo. Lakini mpwa wangu alikuwa anaoa kijijini Gazi jioni ile, nami nilikuwa na haraka.

"Vumilia, tunafika."

Nikazidi kuishusha ndege.

Alitoa ukelele mmoja mfupi, akalishika sikio. Tulipotua hakuweza kusimama. Alitapika kando ya gurudumu, akisema dunia inamzunguka. Nilimkimbiza hospitali, nikamwacha na wauguzi, nikaenda harusini. Nikala pilau.

Utando wa ndani ya sikio ulikuwa umepasuka. Alipasuliwa, haikusaidia. Sikio lile halisikii tena, kizunguzungu hakijamwisha, na kuruka ameshakatazwa.

Wakubwa waliponiuliza, nilisema alinificha mafua yake. Subhanallah, niliyasema hayo naye ameketi kuliani kwangu, sikio lile bovu likiwa upande wangu. Aliinamisha kichwa tu. Mpaka leo sijui kama alinistahi au hakunisikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao kuomba radhi. Mamake alinipokea kwa mikono miwili, akanitengea chai na mahamri.

"Wewe ndiye uliyemkimbiza hospitali. Mola akulipe kwa uliyomtendea mwanangu."

Mwanasha alikuwa mlangoni, ameshika ukuta ili asiyumbe. Alinitazama, akangoja niseme. Nikanywa chai, nikaaga.

Usingizi sina tena.

Marubani wenzangu, mtu akikwambia masikio yake yameziba, mwache chini, hata abiria wakasirike. Na ukishamdhuru, ukiri siku ile ile, mbele yake. Mimi sasa naweza kuwaambia nyinyi nisiowajua, na yeye bado sijamwambia.