Mkwe wangu alivyowazuia wajukuu kuja Krismasi Bariadi kisa sahani ya jirani

Wakuu, mwangaluka. Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi. Ukisoma usiku shauri yako.

Nasimulia kweli tupu. Mhusika mmoja ana akaunti humu, akibisha ajitokeze.

Naanza kwa kukiri nililolikana miaka mingi: mimi ni bibi. Wajukuu niliwafundisha kuniita anti, na mvi nikasema ni vumbi la Bariadi.

Turudi nyuma. Simiyu haijawa mkoa, soko huria limepamba moto. Kila msimu wa pamba kampuni mpya inaingia na mizani yake. Makanisa nayo hivyo hivyo. Mke wa mwanangu, mama Neema, anayeishi Mwanza, akahamia kanisa jipya. Sikuona shida, Mungu ni yule yule.

Kila Desemba Neema na mdogo wake Petro walikuja kwangu. Mama yao mwenyewe alisema, "Wakajifunze dini huko, huku ni TV tu."

Nikawaandalia ratiba kama semina ya chuo nilikochukua digrii, na mada zake. Mada ya pili walikuwa wamelala. (Hata makala zangu huwafanya watu hivyo.)

Kilichowaingia ni kitu kingine. Kwetu siku ya Krismasi, kabla yeyote hajala, watoto wanapeleka sahani kwa jirani. Jirani yetu ni Mzee Masunga, mfugaji. Hasali kanisa lolote, na uani kwake ana kijumba cha mizimu ya wazee wake.

"Watoto wa Mwanza mnajua kubeba sahani nyie?" aliwatania. "Si mnakula dagaa tu?"

"Babu, huna meno, kunywa mchuzi!" Neema akamjibu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Sahani hairudi tupu. Ikarudi na michembe, vile viazi vikavu, pamoja na kibuyu cha mtindi. Watoto wakafuta vyote.

Desemba iliyofuata nikapanda basi kwenda kuwachukua. Mama Neema akanipokea mlangoni.

"Mama, hawaji. Walilishwa vya mizimu."

"Mizimu gani? Vile ni viazi!"

"Yule mzee ana kijumba uani."

"Kijumba ni chake. Sisi tulipeleka kuku."

"Kuku alienda, mama, zikarudi roho."

Nikamtazama mwanangu. Akaitazama TV.

Wakuu, nilirudi Bariadi nikiwa nachemka. Mtu aliyeanza kusali juzi ananiambia mimi nawaharibu watoto! Mimi niliyewafundisha Baba Yetu wangali na mapengo! Mtoto atamwelewaje Aliyezaliwa zizini, kama anafundishwa kumkimbia mwenye zizi?

Na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Niliona wajukuu wakikua wakidhani kumpenda Mungu ni kuogopa watu, na mimi nimeshapokonywa likizo zao.

Krismasi nikapika peke yangu, sahani nikaipeleka mwenyewe. Masunga akachungulia nyuma yangu, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Mayo, wajukuu wako wapi?"

Nikamwambia wana homa. Digrii yangu yote ikaishia kwenye uongo huo.

Nilichojifunza ni kwamba imani ya mtoto haikai kwenye mada. Inakaa kwenye kile anachozoea kufanya na mikono yake nyumbani. Na ninyi wazazi mnaowalisha watoto hofu mkaiita ulinzi, bado nina hasira nanyi. Mwenye hoja alete hapa chini. Mwenye matusi aniite bibi, siku hizi jina hilo halinichomi.

Ila kilichomaliza ubishi ule ni simu.

Iliita nikiwa sijafika kwangu kutoka kwa Masunga. Nikapanda kichuguu, maana mtandao wa enzi hizo ulitaka urefu. Alikuwa mama Neema, hata salamu hakutoa.

"Mama, Neema kagoma kula, na Petro kamfuata. Eti sahani ya jirani haijatoka."

"Jirani yupi?"

"Ndiyo namuuliza! Kanionyesha mama wa mlango wa pili. Mama, yule hatusalimiani tangu tugombee bomba la maji."

Nilijua nikifungua mdomo nitahubiri.

"Sasa nimeweka shingo na mbawa, huyu mtoto anazirudisha. Anasema jirani hapewi shingo. Kweli?"

"Kweli. Anapewa paja."

Nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunguliwa.

"Lipi, mama?"

"Yote mawili."