Maisha ya Kimya Bila Ukurasa wa Mwisho

Mashine ya video ikiachwa inawaka muda mrefu hutoa harufu yake yenyewe: vumbi lililoungua, plastiki iliyolainika, na kitu kama nywele zilizopitiwa na pasi. Wengine wakiisikia huizima mashine haraka wakamwita fundi. Kwangu mimi ni harufu ya mtaa wetu wa Mtopanga nilipokuwa na miaka kumi, ya sebule yetu iliyotandikwa majamvi na kuzibwa madirisha kwa magunia, vijana wamebanana humo saa nane za mchana, jasho linawatiririka, wanamsubiri mama yangu ashike maikrofoni. Baba alikuwa amekufa kwa kifua mwaka uliotangulia. Kidogo alichotuachia, mama alikinunulia televisheni na mashine ile, na shangazi zangu kule Kaloleni wakasema mjane amerukwa na akili. Walisema hivyo mpaka walipokuja kututembelea Jumamosi moja, wakakaa jamvini pamoja na wateja, na hatukuweza kuwatoa.

Mama alikuwa mtafsiri wa filamu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, tena wenye sauti za kukwaruza, lakini Mama Karisa aliwazidi wote wa upande wetu wa Kisauni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alitazama nyuso. Mtu akikunja ndita, mama alijua anadai. Akishusha macho, mama alijua amesaliti. Hayo mengine aliyajaza mwenyewe. "Kimya anamwambia, bwana, mimi nimekuja kwa heri, lakini ukitaka shari, haya, tutoke nje tusiwavunjie watu vyombo." Banda zima lilianguka kicheko. Kimya huyo alikuwa mwigizaji wa Kimarekani wa filamu za zamani zisizo na rangi, mtu mrefu mwenye kofia na macho ya huzuni. Jina lake halisi lilitushinda kulitamka, na kwa kuwa katika filamu nzima angeweza kusema maneno ishirini tu, tukamwita Kimya. Kaseti zake zilitoka katika hoteli moja ya Bamburi alikofua nguo mama mdogo, hoteli ilipoamua kutupa vitu vya kale. Mama alimpenda Kimya kuliko waigizaji wote. Anayenyamaza, alisema, humwachia mtafsiri nafasi ya kufanya kazi.

Kimya ndiye aliyekuwa staring, yaani yule mtu mkuu anayefuatwa na hadithi tangu mwanzo, na sheria ya kwanza ya kila banda la video ilikuwa kwamba staring hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kuzikwa kwenye mchanga, atarudi. Ilikuwepo filamu moja ambayo Kimya anakufa kweli, na mama alipofika hapo alichomoa waya kwa kidole cha mguu na kutangaza kwa masikitiko kwamba stima imepotea. Wateja walilalamika. "Wallahi, Mama Karisa, stima yako ina akili!" walisema, lakini hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio, na walitoka nje na Kimya wao yu hai.

Mwaka huo kaka yangu Karisa alianza kukohoa. Alikuwa na miaka kumi na minne na ndiye aliyeiendesha mashine, akisafisha kwa pamba vichwa vyake vya kusomea kaseti na kuiunganisha kaseti iliyokatika kwa ustadi wa mshonaji. Kikohozi hakikukoma, akakonda, jasho likawa linaloanisha godoro. Mama hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa amekisikia kikohozi hicho chumbani mwake kwa mwaka mzima. Kliniki ilimpangia Karisa sindano kila siku kwa miezi mitatu, na vidonge vikubwa vyekundu vya miezi mingi zaidi. Sindano zile zilichoma. Alirudi nyumbani akichechemea, masikio yanamvuma, na katika wiki ya pili akamwambia mama kwamba hatakwenda tena. Baba alidungwa na hakupona, alisema, basi afadhali yeye afe bila kudungwa.

Hapo ndipo mama alipolitoa gazeti. Lilikuwa gazeti la picha, lilikuja pamoja na kaseti, na ndani yake mlikuwa na kurasa nane za maisha ya Kimya tangu kuzaliwa. Alimwomba Mwalimu Athumani, jirani yetu aliyefundisha shule ya msingi, amsomee. Mwalimu alikaa mlangoni kwetu alasiri mbili na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akisoma na kutafsiri polepole, mama akisikiliza bila kuandika chochote. Baada ya hapo kila adhuhuri, Karisa akisharudi kutoka kliniki na kabla wateja hawajafika, alimpikia yai, akaketi kando ya kitanda chake, akamsimulia maisha ya mtu yule kwa sauti ileile ya maikrofoni. Kilichomfanya achague maisha hayo kilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Kimya naye aliwahi kuugua kifua.

Alizaliwa mashambani, alisimulia mama, mahali penye vumbi hata supu inafunikwa. Baba yake alikuwa mhunzi, mama yake alikufa yeye akiwa mdogo. Alikata magogo msituni mpaka akaanza kutema damu, wakampeleka hospitali ya mlimani, wakamlaza barazani kwenye baridi kwa miaka miwili pamoja na wagonjwa wengine, vitanda kwa safu. Madaktari walimkataza kuzungumza ili mapafu yapumzike. Basi kule barazani akajifunza kusema kwa macho. Mama alipofika hapo alimtazama Karisa, naye Karisa akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana sasa tulijua kwa nini Kimya alikuwa kimya. Siku iliyofuata alivaa viatu mapema akaenda kliniki peke yake.

Ikawa kila sindano ina kipande chake cha maisha. Kimya akapona, akashuka mlimani, akaenda kwenye mji wa filamu kubeba mbao za kujengea nyumba za uongo. Kimya akamwona mwigizaji mmoja ameanguka kutoka kwenye farasi, akaambiwa apande yeye, kwa vile suruali ya yule bwana ilimtosha. Kimya akaoa, akaachwa, akaoa tena, akaenda vitani, akarudi na mvi, akacheza filamu arobaini na kitu. Mama alizirefusha kurasa zile kama mtu anayenyoosha unga ili watoto wote wale. Mwisho wa yote, alisema, Kimya sasa ni mzee, ana shamba lenye farasi, na asubuhi hutoka kwenda kuwalisha yeye mwenyewe. Karisa akamwuliza, "Na kifua, mama?" Mama akamjibu, "Kifua kilimwogopa, mwanangu." Wiki ya sita ya sindano Karisa alikuwa ameongezeka uzito. Muuguzi aliandika jambo hilo kwenye kadi na kulipigia mstari.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni napokea viingilio, au kisimani napanga foleni ya maji, au nyuma ya nyumba nasugua sufuria. Nitasema wazi kwamba nilimwonea wivu kaka yangu mgonjwa. Nilitaka lile yai. Nilitaka mama anikalie kitandani anisimulie maisha ya mtu yeyote, hata ya mbuzi. "Kadzo!" aliita, nami "Abee, mama," na kila mara ilikuwa ni kunituma. Nilikuwa na ubaya wa mtoto aliyesahauliwa, na ubaya huo unaona mbali sana. Nilikuwa nimeona kwamba kurasa za Kimya gazetini sasa zilikuwa saba, ilhali Mwalimu alisoma nane.

Niliupata ukurasa wa nane ndani ya kasha la kaseti iliyokufa, juu ya kabati, siku mama alipokwenda kumwona mama mdogo. Ulikuwa na picha ya jeneza juu ya mkokoteni wa farasi, na kofia imewekwa juu yake. Nilikuwa darasa la tano. Kiingereza changu kilitosha kulitambua neno la kufa na neno la mapafu, maana hilo la pili tulikuwa tumelichora kwenye somo la sayansi. Niliurudisha pale pale. Sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu. Nasema hivyo, na sina hakika kama ni kweli.

Siku tatu baadaye Karisa alitaka tucheze filamu uani, kwa kuwa sasa alikuwa na nguvu za kucheza. Yeye alikuwa Kimya, bila shaka. Mimi nikamwambia nimechoka kuwa adui, leo nataka kuwa staring. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu kama kaka. "Wewe, Kadzo? Wewe ni yule wa kwanza kufa, hata jina hapewi." Nikasema, "Staring wako kafa! Kafa kwa kifua, na mama anakudanganya kama mtoto mchanga." Akaniita mwongo. Nikakimbilia ndani, nikapanda kiti, nikauleta ukurasa na kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, nikiyatamka maneno ya Kiingereza kwa madaha, kidole changu kikiufuata mstari. Nilipomaliza aliniuliza kama nina uhakika na neno lile la mapafu. Nikamwambia nimelipata sahihi kwenye mtihani. Aliukunja ukurasa mara nne, akautia mfukoni, akaenda kuisafisha mashine.

Kesho yake alivaa viatu kama kawaida, akaaga, akatoka. Kliniki hakufika. Alikwenda kukaa kando ya uwanja wa mpira na kuwatazama vijana wakicheza, muda wa kutosha mtu kwenda na kurudi, kisha akarudi nyumbani akichechemea kwa makusudi. Najua kwa sababu nilimwona, si siku moja. Nilikuwa napita hapo nikitumwa dukani. Tulitazamana. Ningemwambia mama angeniuliza sababu, na sababu ilikuwa mimi, kwa hiyo nikanunua nilichotumwa nikarudi nyumbani. Vidonge alivitia mdomoni mbele ya mama na kuvitema chooni. Mama aliendelea kusimulia, maana hadithi alikuwa ameianza upya kutoka vumbi na supu, na Karisa alisikiliza hadi mwisho, hadi shambani kwa farasi, akimtazama usoni. Sijawahi kuona mtu akimwonea mwingine huruma namna ile.

Muuguzi alikuja nyumbani na kadi mkononi wiki ya nne tangu Karisa aache kwenda. Karisa alikuwa ameshaanza kutema damu asubuhi hiyohiyo. Mama alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kijana wa miaka kumi na minne, miguu inaning'inia, akapata gari la watu wema lililowavusha daraja mpaka hospitali kubwa ya mjini, kisiwani. Alilazwa siku kumi na moja. Mara moja tu niliruhusiwa kumwona, kupitia dirishani, na aliinua mkono. Alikufa mvua za masika zilipoanza, tukamzika Kaloleni karibu na baba, shimo likijaa maji kwa kasi kuliko walivyoweza kuyachota.

Baada ya matanga mama alifua nguo zake, na ndipo alipoukuta ule ukurasa mfukoni mwa kaptura. Nilikuwa nimesimama na ndoo. Alikaa chini pale penye povu, akasema polepole kwamba mtoto aliupata. Akasema, "Niliuficha vibaya. Nimemuua mwenyewe." Wanawake wakaja mbio, Mwalimu Athumani akaja, kila mmoja akamwambia ni kazi ya Mungu, asijibebeshe. Na mimi nilikuwa na ndoo. Sentensi moja ingetosha, nami nilikuwa na mdomo. Nikaenda kumwaga maji.

Siku hizi sebule ile ni duka la kinyozi, na kijana aliyeikodi ameweka vioo pande zote. Hakuna mtu Mtopanga anayelipa kuingia kutazama filamu. Binti yangu anazo mia kwenye simu, na wanaozitafsiri hawaonekani. Juzi nililiandika jina la Kimya kwenye simu hiyo, lile jina refu ambalo sasa naweza kulitamka, na maisha yake yote yakaja kwa pigo moja, mwanzo na mwisho pamoja, kifo kikiwa mstari wa kwanza kabisa. Kifua kikuu kinatibiwa kwa vidonge tu, kwa miezi sita, na mhudumu wa afya anapita nyumba kwa nyumba kuhakikisha umemeza. Mtoto wa jirani yetu alipona mwaka jana na anacheza mpira. Kila kitu kimekuwa chepesi kuliko wakati ule, isipokuwa hiki kimoja, na hiki kimekuwa kizito zaidi kwa sababu mimi sasa ni mtu mzima na siwezi tena kusingizia miaka kumi.

Mama amezeeka. Sauti ya maikrofoni imekwisha, na tangu mwezi wa Ramadhani uliopita, majirani walipokuwa wakituletea futari, hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Mimi ndiye ninayemkalia kando ya kitanda, nikimlisha uji kwa kijiko. Jumapili iliyopita aliusukuma mkono wangu taratibu, akasema, "Kadzo mwanangu, nikimkuta Karisa huko, atanisamehe?"

Nilikiweka kijiko ndani ya bakuli. Nikamwambia, "Atakusamehe, mama."